Mhariri, sufuri ya Celsius ilikuwa juu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua ya mzee kuhusu kipimajoto haiuzi gazeti, lakini nimejizuia siku nne na nimeshindwa.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikuwa akinisomea kona ya watoto, kama ilivyo desturi yetu tangu macho yangu yalipoanza kugombana na herufi ndogo. Akafika kwenye kisanduku cha "Je, Wajua?" na kusoma kwamba Anders Celsius, mwanasayansi wa Uswidi, ndiye aliyegundua kipimajoto, akaamua maji yagande kwenye nyuzi 0 na yachemke kwenye nyuzi 100. Nikacheka. "Babu, kuna nini cha kuchekesha?" Nikamwomba arudie. Aliporudia sikucheka tena, maana nilikumbuka kwamba sentensi hiyo hiyo niliiandika ubaoni kwa miaka 31 nilipokuwa mwalimu wa fizikia, na hakuna mwaka hata mmoja ambao mkono ulinitetemeka.

Kisanduku chenu kina makosa mawili ya wazi, na la tatu limejificha ndani ya neno "akaamua". Hilo la tatu ndilo lililonitoa kitandani kutafuta kalamu.

Nianze na lile jepesi. Celsius hakugundua kipimajoto. Alizaliwa mjini Uppsala mwaka 1701, na wakati huo vipimajoto vilikuwa vimekwisha kuzagaa Ulaya. Huko Florence, Italia, katikati ya karne ya 17, mafundi wa vioo wa Mtawala Ferdinando wa Pili walikuwa tayari wanatengeneza mirija iliyozibwa pande zote, ndani yake kileo kikali kinachopanda na kushuka. Chombo kilikuwepo. Kilichokosekana ni watu kuelewana juu ya namba. Kila fundi alikuwa na zake, na mtu wa mji mmoja akisema "leo ni 14" mtu wa mji mwingine hakujua kama avae koti au avue shati.

Ili namba zielewane lazima kuwe na alama mbili ambazo kila mtu anaweza kuzipata kwake bila kuazima chombo cha mwenzake. Hapo ndipo watu walipohangaika, na mahangaiko yao yananifurahisha sana. Mfaransa Dalencé alipendekeza mwaka 1688 kwamba alama ya juu iwe pale siagi inapoyeyuka. Siagi ya ng'ombe yupi, aliyekula majani gani, hilo kila mtu ajijue. Wengine walitumia ubaridi wa mahandaki yaliyo chini ya jengo la kutazamia nyota la Paris, kwa sababu humo kiangazi na kipupwe havitofautiani sana. Basi anayetaka kutengeneza kipimajoto afunge safari hadi Paris na ashuke ngazi. Isaac Newton mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1701, aliipa theluji inayoyeyuka sufuri na joto la mwili wa binadamu 12. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanyia kazi zake Amsterdam, ndiye aliyeleta vipimajoto vya zebaki vilivyokubaliana kimoja na kingine, na huo si ufundi mdogo. Lakini mwaka 1724 alipoeleza alama zake alitaja mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi kuwa 0, barafu na maji matupu kuwa 32, na joto la mtu mwenye afya kuwa 96. Ndiyo maana namba zake zinaonekana kama zimetoka kwenye mfuko wa bahati nasibu. Zilikuwa na ukoo wake: alimtembelea Mdenmaki Ole Rømer mjini Copenhagen mwaka 1708, akaichukua skeli yake na kuigawa upya iwe na vipande vidogo zaidi. Réaumur wa Ufaransa naye alikuwa na yake tangu mwaka 1730, sufuri hadi 80.

Kwa hiyo Celsius alipoingia uwanjani hakukuta uwanja mtupu. Aliukuta umejaa watu wanaopigiana kelele kwa namba.

Kosa la pili ndilo lililonichekesha. Kwenye skeli ya Celsius maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Usirudi nyuma kutafuta kosa la uchapaji, Mhariri, ndivyo ilivyokuwa. Sufuri juu, mia chini. Kipimajoto alichokitumia kimehifadhiwa Uppsala mpaka leo, na ukikitazama lazima shingo igeuke kidogo.

Mjukuu wangu hakuniamini. Nikamwambia tufanye hesabu. Mwili wako wenye nyuzi 37 ungekuwa na 63. Ukipata homa ya 39, daktari angeandika 61. "Kwa hiyo Babu, homa ikipanda namba inashuka?" Ndiyo. "Na mtu akipoa?" Namba inapanda. Alikaa kimya, kisha akasema huyo mzungu alikuwa amelewa.

Hakuwa amelewa. Alikuwa akifuata njia aliyoikuta. Joseph-Nicolas Delisle, Mfaransa aliyekuwa mtaalamu wa nyota mjini St Petersburg, alikuwa akitengeneza vipimajoto vya zebaki ambavyo sufuri yake ilikuwa kwenye maji yanayochemka. Alichohesabu Delisle ni kiasi gani zebaki imesinyaa kutoka pale ilipokuwa ndani ya maji yale ya moto, kwa hiyo kadiri baridi inavyozidi ndivyo namba inavyokua, na maji yaliganda kwenye 150. Alimpelekea Celsius kipimajoto cha namna hiyo, na Celsius akaona njia hiyo inafaa isipokuwa hizo 150. Na ukifikiri vizuri, kwa mtu anayeandika hali ya hewa ya Uppsala kila siku, ilikuwa na raha yake. Siku ambayo sisi leo tungesema ni hasi 20, yeye aliandika 120 tu. Kalamu iliyoganda wino asubuhi ya Januari haihitaji kuongezewa kazi ya kuchora alama ya kutoa. Hayo ya mwisho ni mawazo yangu, lakini naona yana akili.

Sasa nifike kwenye "akaamua".

Gazeti lenu, kama vitabu vingi nilivyofundishia, linamchora Celsius kama mtu aliyeketi kwenye kiti, akakuna kidevu, akasema: hapa iwe hivi, pale iwe vile. Kuchagua namba kweli ni kuamua. Mtu yeyote anaweza kuamua 100, au 80, au 212. Lakini makala yake iliyochapishwa mwaka 1742 na Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi haikuhusu namba. Ilihusu digrii mbili za kudumu kwenye kipimajoto, na neno la kutilia mkazo hapo ni "za kudumu". Alitaka kujua kama theluji inayoyeyuka na maji yanayochemka vinastahili kuaminiwa. Je, viko pale pale kila mara, kila mahali, kila siku? Kabla yake watu walikuwa wakivitumia, lakini kulikuwa na ubishi. Wapo waliodhani maji huganda kwa joto tofauti katika nchi tofauti, na kwamba baridi ya kaskazini si sawa na baridi ya kusini.

Alichofanya ni hiki, na nikisoma habari zake nakiona chumba chenyewe. Kwa muda wa miaka miwili, miezi yote ya majira ya baridi, hewa iwe tulivu au chafu, alikuwa akizika kitunguu cha kipimajoto (sisi walimu tulikiita hivyo, kile kichwa chenye zebaki) ndani ya theluji inayoyeyuka na kuweka alama pale zebaki iliposimama. Baromita, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, ikiwa juu, anapima. Ikiwa chini, anapima. Baridi ilipokuwa kali kiasi kwamba theluji ya nje haiyeyuki, aliichota na kuiingiza chumbani, akaiweka karibu na moto mpaka ilipoanza kuyeyuka, akapima tena. Akaiweka sufuria ya theluji kwenye jiko la chumbani, moto ukiwaka, kipimajoto kikiwa humo ndani. Hapo ndipo mtu asiyejua angetarajia zebaki ipande. Haikupanda. Maadamu theluji ilikuwa imekishika kitunguu vizuri pande zote, zebaki ilisimama pale pale iliposimama siku ya kwanza.

Nilimweleza mjukuu jambo hili kwa bilauri ya barafu, na sina haja ya kukuchosha nalo. Moto unaoingia kwenye theluji inayoyeyuka haupandishi joto lake. Wote unatumika kuiyeyusha. Lakini Celsius hakuwa na maelezo hayo. Joseph Black wa Uskoti alikuja kulielewa suala la joto lililofichika baadaye, Celsius akiwa amekwisha kufa. Yeye alikuwa na subira tu, na jiko.

Kisha akalinganisha mahali na mahali. Mwaka 1736 na 1737 alikuwa amesafiri na msafara wa wanasayansi wa Kifaransa ulioongozwa na Maupertuis hadi bonde la mto Torne, karibu na mstari wa Aktiki, kwenda kupima umbo la dunia. (Walikuta dunia imebonyea kidogo kwenye ncha, kama Newton alivyosema. Hiyo ni barua nyingine, usiogope.) Kwa hiyo alikuwa na vipimo vya Torneå, ambayo leo ni Tornio ya Ufini, alikuwa na vya Uppsala, na alijua vya Paris. Theluji ilikuwa inayeyuka mahali pamoja kwenye kipimajoto, kaskazini na kusini. Alama ya kwanza ikathibitika.

Ya pili ilikuwa mkorofi. Maji yanayochemka hayakutulia. Siku moja zebaki ilisimama hapa, siku nyingine ikasimama pembeni kidogo. Fahrenheit alikuwa ameshagusia jambo hili, kwamba maji huchemka kulingana na uzito wa hewa. Celsius akalifuatilia kwa vipimo, baromita upande mmoja na sufuria upande wa pili, na kuonyesha kiasi ambacho zebaki ya kipimajoto inasogea kwa kila badiliko la zebaki ya baromita. Wataalamu waliorudia hesabu zake wamezikuta ni nzuri hata kwa macho ya leo. Ndipo akaweka sharti: alama ya kuchemka ichukuliwe pale baromita inaposimama kwenye inchi 25 na linia 3 za Kiswidi (linia ni kipande kidogo cha inchi). Inchi ya Kiswidi ya wakati ule ilikuwa ndefu kuliko hii tunayoijua, kwa hiyo unapata kama milimita 750 za zebaki, ambao unakaribia mgandamizo wa kawaida wa hewa kwenye nchi iliyo usawa wa bahari.

Sharti hilo ndilo kisanduku chenu hakina, Mhariri. Na ubao wangu haukuwa nalo.

Naomba nikiri jambo. Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni iliyo juu mlimani, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa mpya pale. Nikawapa kidato cha pili zoezi la kawaida: chemsheni maji kwenye bika, someni kipimajoto kila dakika, choreni grafu. Grafu zao zote zilipanda vizuri kisha zikalala kwenye 94. Maji yanatokota, mvuke unajaza maabara, zebaki imekataa kabisa kuvuka 94. Nikapita meza kwa meza, nikatangaza kwamba vipimajoto vya shule vimezeeka, na kwamba kila mtu aandike 100 kwenye hitimisho lake.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, vipimajoto sita vyote vinasema uongo mmoja?"

Ningepaswa kukaa chini hapo hapo. Badala yake nilimwambia kitabu hakikosei, na aendelee. Hakuandika 100. Aliandika 94, kwa wino, na chini yake akaandika kwamba hivyo ndivyo alivyoona. Nilimpunguzia alama 2 kwa kutofuata maelekezo.

Maelezo yenyewe ni rahisi kuliko aibu yangu. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kusukumana sawa na hewa iliyoyakalia. Ukipanda mlima hewa inapungua uzito, mvuke hauhitaji nguvu nyingi, na maji yanachemka mapema. Kwa makadirio ya jikoni, nyuzi 1 inapungua kwa kila mita 300 unazopanda. Gawanya 1,800 kwa 300 upate 6, toa kwenye 100. Grafu zote za wanafunzi wale zilikuwa sahihi. Niliyekuwa nimezeeka ni mimi, nikiwa na miaka 29.

Nilikuja kuligundua hilo mwenyewe baada ya miaka kadhaa, nilipokuta maelezo ya makala ile ya 1742 katika kitabu cha historia ya sayansi. Nilisoma lile sharti la baromita nikalifunga kitabu. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita alikuwa ameshaliona tatizo la maabara yangu, akaliandikia suluhisho, na sisi tukachukua jina lake na namba zake tukaliacha suluhisho. Hata namba zenyewe tulizichukua kichwa chini.

Nani basi aliyezigeuza? Hapa watu wanagombania, na mimi siingii katikati sana. Kule Lyon, Ufaransa, Jean-Pierre Christin alitoa mwaka 1743 kipimajoto chake chenye 0 kwenye barafu na 100 kwenye maji yachemkayo, bila kumfuata Celsius. Uppsala kwenyewe, Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea, alikuwa na kipimajoto cha namna hiyo kilichotengenezwa na fundi Daniel Ekström, na andiko lake la Desemba 1745 kuhusu bustani ya chuo linatumia skeli tunayoijua katika kueleza joto la nyumba za vioo za mimea. Baadaye Linnaeus alidai kwa maandishi kwamba yeye ndiye wa kwanza. Linnaeus hakuwa mtu wa kuachia sifa ipite mlangoni pake bila kuikaribisha ndani. Wengine wanamtaja Ekström, wengine Mårten Strömer aliyerithi kiti cha Celsius. Kwangu mimi sifa ya kugeuza ubao juu chini ni ndogo. Mwenye mimea ya joto anataka namba ipande joto likipanda, basi anageuza. Kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Celsius hakuishi kuyaona hayo. Kifua kikuu kilimwua Aprili 1744, akiwa na miaka 42, chini ya miaka 2 tangu makala yake itoke. Alizikwa katika kanisa la Uppsala ya Kale, pamoja na babu yake Magnus Celsius. Baba yake Nils alikuwa profesa wa elimu ya nyota pale Uppsala, babu wa upande wa mama, Anders Spole, naye vilevile. Katika nyumba ile mtoto asiyejua kusoma mbingu nadhani angeonekana mgonjwa. Yeye alipata uprofesa huo mwaka 1730, akajenga nyumba ya kutazamia nyota mjini Uppsala, iliyokamilika mwaka 1741 katika mtaa wa Svartbäcksgatan, na bado imesimama. Alikusanya taarifa 316 za mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku, na yeye na shemeji yake Olof Hiorter waliona kwamba mianga hiyo ikitokea sindano ya dira hutikisika. Akitaka kujua mng'ao wa nyota alirundika vipande vya kioo mbele ya jicho mpaka nyota ipotee; Sirius ilihitaji vipande 25. Ni mtu wa aina hiyo. Hakuwa na haraka ya kusema kitu kabla ya kukihesabu.

Kuna jambo moja la maisha yake ambalo sikuwahi kulifundisha, na sasa najuta. Mwaka 1731, kwenye kisiwa cha Lövgrund karibu na mji wa Gävle, alichonga alama kwenye mwamba mahali maji ya bahari yalipofika. Wavuvi wa pwani ile walikuwa wanajua kwamba bahari inarudi nyuma. Miamba ambayo sili, wanyama wa bahari za baridi, walipanda kuota jua ilikuwa mali, inarithiwa, inauzwa na kuandikiwa hati. Na miamba iliyotajwa kwenye hati za kale ilikuwa imeinuka mno, sili hawaifikii tena. Celsius akachukua hati hizo, akapiga hesabu, akasema bahari inashuka zaidi ya mita 1 kila miaka 100. Alidhani maji ya dunia yanapungua.

Kumbe maji hayakuwa yakienda popote. Ni nchi iliyokuwa ikipanda. Barafu nene ya zama za kale iliikandamiza Skandinavia, na ilipoyeyuka ardhi ikaanza kuinuka polepole, na inainuka mpaka leo. Mtu aliyetumia miaka miwili kuuliza kama theluji inastahili kuaminiwa hakufikiri kuuliza swali hilo hilo kuhusu mwamba. Nani angefikiri? Lakini alama ile aliichonga, na kwa sababu aliichonga, waliomfuata waliweza kurudi na rula na kujua alikosea wapi. Nipe mwanafunzi wa namna hiyo, anayekosea kwa kuacha alama.

Jina lenyewe lilichelewa. Kwa muda mrefu watu waliziita nyuzi za sentigredi, yaani hatua mia. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulikubaliana ziitwe za Celsius, na sababu moja ni kwamba kwa Kifaransa neno lile lilikuwa pia kipimo cha pembe. Tangu hapo ufafanuzi umebadilika zaidi. Theluji na sufuria havitawali tena; tangu mwaka 2019 kelvini, kipimo rasmi cha joto cha kimataifa, inategemea thamani maalumu ya kigezo cha Boltzmann, namba isiyobadilika inayounganisha joto na nishati, na nyuzi za Celsius zinatokana na kelvini. Kwa skeli inayotumika leo katika maabara za vipimo, maji kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa yanachemka kwenye takriban 99.97. Hata pwani, basi, ile 100 ya ubaoni kwangu si 100 kamili.

Ninachoomba ni kidogo. Kona ya watoto itoe sahihisho, na wala lisiwe refu. Iwaambie watoto kwamba Celsius aliweka sufuri kwenye maji yanayochemka; watacheka na hawatasahau. Na mkisema maji huchemka kwenye nyuzi 100, ongezeni maneno matatu tu: usawa wa bahari. Kuna watoto wanaoisoma kona yenu wakiwa mlimani, na huenda wiki hii wana zoezi la bika na kipimajoto.

Yule msichana sasa ni mama wa makamo, na sijui kama anasoma gazeti hili. Daftari langu la alama la mwaka 1987 bado ninalo. Juzi nimelifungua, nimeikata ile 8 kwa kalamu nyekundu, nimeandika 10, nimeweka sahihi na tarehe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia
(jina langu liko nyuma ya bahasha)